Nimeacha sigara, pombe, bangi na nyama: nijitetee vipi kwa wazee?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 27, kwetu ni Rombo, kazi yangu iko Dar es Salaam. Sigara nilianza sekondari, bia na bangi zikafuata chuoni. Nilipofikisha miaka 24 niliacha vyote, na miezi michache baadaye nikaacha nyama, samaki, maziwa na mayai, baada ya kusoma habari za vijana wa Marekani wanaoishi hivyo. Sijawahi kuwa na akili iliyotulia kama sasa. Shida iko nyumbani. Desemba iliyopita, kwenye sherehe ya ukoo, nilikataa mbege na ndafu. Baba mdogo akasema nimeingia dini ya ajabu, akaongeza: mkataa kwao mtumwa. Nikamjibu kwamba nyama ni sumu kama sigara na kwamba wanajiua taratibu. Mama alilia. Mchumba wangu naye anauliza watoto wetu watakula nini. Naomba hoja za kisayansi za kuwanyamazisha. Halafu, sijui kama inahusu, siku hizi vidole vya miguu vinapata ganzi, hasa usiku. Nakula vizuri: chapati, maharage, wali, chipsi, matunda. Vidonge vya vitamini situmii kwa sababu nataka kila kitu kiwe cha asili.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na hiyo ganzi uliyoitaja kwa kupitia tu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikujibu mapema. Mazungumzo na baba mdogo yanaweza kungoja hadi mwisho wa mwaka. Mishipa ya fahamu haingoji.

Mtu aliyekaa karibu miaka 3 bila nyama, samaki, maziwa wala mayai, na bila kumeza vitamini B12, akianza kupata ganzi miguuni, kitu cha kwanza kunijia akilini ni upungufu wa vitamini hiyo. Sisemi kwamba ndicho ulicho nacho. Ganzi huletwa pia na kisukari, na pombe nyingi ya miaka ya nyuma, na baadhi ya dawa, kwa mfano dawa za kifua kikuu. Kwa hiyo nenda hospitali wiki hii. Mweleze daktari unakula nini na nini huli, bila kuona aibu wala kuficha. Omba upimwe picha kamili ya damu, sukari, na kiwango cha B12. Maabara kubwa za mjini zinakipima. Usijinunulie vidonge vya foliki asidi kwa ushauri wa muuza duka la dawa, maana vinaweza kurekebisha upungufu wa damu, majibu yakaonekana mazuri, huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya. Ikithibitika kuwa ni B12, tiba ipo: kwa kawaida huanza kwa sindano, kisha vidonge. Ukiwahi, kwa wengi ganzi huondoka. Ukichelewa, uti wa mgongo unaweza kuathirika, mtu akayumba anapotembea na kumbukumbu ikafifia, na sehemu ya madhara hayo hairudi tena.

Sababu yake ni hii. Hakuna mmea unaotengeneza B12, wala mnyama. Wanaoitengeneza ni bakteria. Ng'ombe anaipata kwa kuwa bakteria hao wanaishi tumboni mwake, pale majani yanapochachuka. Sisi tunaipata kwa kumla yeye au kunywa maziwa yake. Ini la binadamu huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana mwaka wa kwanza ulijiona una nguvu kuliko wenzako wote, ukaamini huna unachokosa. Ulikuwa unatumia akiba. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi ambacho hata ukikitia machoni hukioni, lakini bila hicho neva haziwezi kutunza utando wake. Uyoga haukutoshelezi, mwani haukutoshelezi, ule unga wa kijani wa spirulina unaosifiwa sana haukutoshelezi, na togwa vilevile, hata kama umesikia kwamba vyakula vilivyochachushwa vina kila kitu.

Chama cha Vegan Society cha Uingereza, cha watu wasiokula kitu chochote cha mnyama, ambacho Donald Watson na wenzake walikianzisha Novemba 1944, kinawashauri wafuasi wake wameze angalau mikrogramu 10 za B12 kila siku, au mikrogramu 2,000 mara moja kwa wiki, kama hawali vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo mara kadhaa kwa siku. Hao ndio wenye jambo lenyewe. Vitamini hiyo ilikuja kutenganishwa maabara mwaka 1948, yaani miaka 4 baada ya chama kuanzishwa, na baadhi ya wafuasi wa mwanzo waliugua kwa kutojua. Wewe unajua. Na kuhusu kutaka kila kitu kiwe cha asili: tumbaku ni ya asili. Bangi inaota yenyewe porini. Mbege ni ndizi mbivu, ulezi na gome la msesewe, na hakuna kitu cha kiwandani ndani yake. Uasili haukuwa kigezo chako ulipoviacha hivyo vitatu, kwa hiyo usiufanye kigezo unapokataa kidonge kidogo cha kukulindia miguu. Kidonge cha B12 hutokana na bakteria waliokuzwa kwenye mapipa ya kiwanda. Hakuna mnyama aliyeumizwa. Angalia tu kama ganda lake ni la jelatini, kwani jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama.

Sasa chakula. Orodha uliyonipa, ukitoa maharage na matunda, ni wanga juu ya wanga. Chipsi na soda havina nyama, maziwa, moshi wala kilevi, na bado mtu akivifanya mlo wake wa kila siku anaweza kupata kisukari na shinikizo la damu kama jirani yake mla nyama choma. Kukataa ni nusu ya kazi. Unapaswa kula jamii ya kunde kila siku, tena kwa kushiba: maharage, choroko, kunde, mbaazi, dengu, njugu mawe, soya. Makande ni mlo wa kupigiwa mfano, kwa sababu protini ya mahindi ina upungufu wa kijenzi kiitwacho lisini ambacho maharage yanacho tele, na maharage yana upungufu wa kingine kiitwacho methionini ambacho mahindi yanacho. Bibi zetu walichanganya hivyo kabla mtu yeyote hajajua majina hayo. Na wewe mtu wa Rombo una kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja. Pwani kuna mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga, mihogo na magimbi ya nazi, mchicha wa nazi. Huko unakoishi sasa, mtu anaweza kula mwezi mzima bila kurudia mlo na bila kugusa kitu cha mnyama, wala asionekane kwamba anafuata jambo geni.

Loweka maharage usiku kucha, umwage maji, ndipo upike. Madini ya chuma na zinki hufyonzwa vizuri zaidi. Kamulia limau kwenye mboga au kula chungwa baada ya mlo, kwa kuwa vitamini C huongeza sana ufyonzaji wa chuma kitokanacho na mimea. Chai iache saa nzima mbali na chakula. Najua hilo ni gumu kwa watu wetu, lakini chai ya rangi pamoja na maharage hukunyang'anya sehemu kubwa ya chuma ulichokula. Tumia chumvi yenye madini joto, si ile ya mawe isiyoongezwa kitu. Mchicha una kalisi, madini ya mifupa, ila oksaleti zilizomo huishikilia isifyonzwe mwilini. Sukuma wiki ni bora zaidi kwa kalisi, na ufuta ukiusaga ukautia kwenye mboga unasaidia. Usilipuuze hili la kalisi: utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao EPIC-Oxford ulichapisha mwaka 2020 kwamba wasiokula kitu chochote cha mnyama walivunjika mifupa mara nyingi zaidi, hasa nyonga. Inatokana kwa sehemu na wembamba, na kalisi ndogo, na protini ndogo. Vyote vinarekebishika.

Hapo ndipo ninapofika kwenye swali lako la kujitetea. Nami situmii pombe, na nyama niliiacha zamani, kwa hiyo unayezungumza naye yuko upande wako. Lakini umeyafunga mambo manne kwa kamba moja, ukatafuta hoja moja ya kuyabeba yote. Ushahidi wake haulingani. Ukiyatetea yote kwa nguvu ileile, mtu akikukamata kwenye lile dhaifu atakutupia na yale yenye nguvu.

Kwenye sigara huna haja ya kujitetea hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwemo wasiovuta wanaopumua moshi wa wenzao. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, na matokeo ya miaka 50 yakatoka mwaka 2004: wavutaji walikufa wastani wa miaka 10 kabla ya wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia karibu miaka 3, aliyeacha akiwa na 50 akajirudishia 6, mwenye 40 akapata 9, na aliyeacha kwenye 30 akajirudishia karibu yote 10. Wewe uliacha ukiwa na miaka 24. Na kumbuka tukio lenyewe la Desemba: hakuna aliyekugombeza kwa kukataa sigara.

Pombe pia ina ushahidi mzito. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, iliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Mwilini kilevi hugeuka asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli, na saratani zinazohusishwa nayo ni za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe mwaka 2019, na Januari 2023 ofisi yake ya Ulaya ikatamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Mbege ina kilevi kidogo kuliko gongo, na haina hatari ya methanoli inayopofusha na kuua wanywaji wa pombe za magendo. Lakini kilevi kilichomo ni kilekile. Tukiwa hapo hapo kwenye umio: ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Malawi, una saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, na mwaka 2016 IARC ilitaja vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kuwa huenda vinachangia. Anayekunywa chai inayochemka kwa kujivunia kwamba hanywi bia, naye apooze kikombe chake.

Bangi imepigwa marufuku kisheria Tanzania, hilo unalijua. Kiafya, anayeianza mapema na kuivuta kwa wingi hujiongezea hatari ya kuchanganyikiwa akili na ya kuwa tegemezi, na moshi wake una lami kama wa tumbaku. Ninachokuomba ni uangalie namna unavyowazungumzia waliobaki huko ulikotoka. Ulitoka kwa uamuzi, na nakupongeza. Mwenzako aliyenaswa na heroini huenda hataweza kwa uamuzi peke yake. Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni, dawa ya kunywa ya kuwatibu waliotegemea heroini, Februari 2011, kabla ya nchi nyingine yoyote ya bara kusini mwa Sahara kuanza kuitoa kwa fedha za umma, na wapo watu waliorudi kwenye familia na kazi zao kwa sababu ya kikombe kile cha kila siku. Kwa mtu anayejiita safi, methadoni inaweza kuonekana ni kulevya kwa jina lingine. Ni tiba. Ukimdharau anayeitumia, unamsukuma arudi mtaani.

Nyama ni habari nyingine, na hapa nakukosoa moja kwa moja. Ulimwambia baba mdogo kwamba nyama ni sumu kama sigara. Si kweli. Najua ulikoipata: Oktoba 2015 IARC iliweka nyama za kusindikwa, kama soseji na bekoni, kwenye kundi lilelile la kwanza, na nyama nyekundu kwenye kundi la zinazoelekea kusababisha saratani. Watu wakasambaza kwamba soseji na sigara ni kitu kimoja. Makundi hayo yanaeleza ushahidi una uhakika kiasi gani. Ukubwa wa hatari hayaugusi. Gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Sigara huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa zaidi ya mara kumi. Kipande cha ndafu mara moja kwa mwaka, kwa mzee anayelima na kupanda mlima kila siku, hakimuui.

Ushahidi mzuri upo, sema unavyostahili kusemwa kwa kiasi chake. Wasabato wa Marekani na Kanada walifuatiliwa kwa muda mrefu, na wanafaa sana kwa utafiti kwa sababu wengi wao, wala nyama na wasiokula, hawavuti wala hawanywi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, yenye watu zaidi ya 70,000, yalionyesha kwamba wanaojiepusha na nyama kwa viwango mbalimbali walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 12 hivi. EPIC-Oxford nao mwaka 2019 walikuta maradhi ya moyo ni machache kwa wasiokula nyama, lakini kiharusi kilikuwa kingi kidogo. Ukiisoma picha yote, ulaji wa mimea uliopangwa vizuri ni mzuri kwa mtu mzima, na nyama kidogo ndani ya mlo mzuri si janga. Mtu anayekwambia zaidi ya hapo, kwa upande wowote, anauza kitu.

Kwa nini basi uendelee kuacha? Kwa ajili ya mnyama mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu, na ajabu ni kwamba hukuitaja kabisa kwa baba mdogo. Duniani huchinjwa zaidi ya wanyama bilioni 80 wa nchi kavu kila mwaka, wengi wao kuku. Kuku wa nyama wa kisasa anachinjwa akiwa na wiki 5 au 6, akiwa kifaranga bado kwa umri, mwenye uzito ambao miguu yake inaubeba kwa shida. Kwenye vituo vya kuangulia kuku wa mayai, sehemu nyingi za dunia, vifaranga dume huuawa siku ileile kwa kuwa hawatagi. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na ndama dume wa ng'ombe wa maziwa hana maisha marefu. Ng'ombe anaumia, anaogopa, anamwita ndama wake usiku kucha akitenganishwa naye. Aliyekulia kwenye boma la ng'ombe amemsikia. Ukisema, "Baba, mimi naweza kuishi vizuri bila kumwua, kwa hiyo nimeamua kumwacha," hakuna utafiti utakaokupindua, na hujamtukana mtu.

Hoja hiyo ina mipaka, na inafaa uijue mwenyewe kabla hujaambiwa. Inategemea hayo maneno "naweza kuishi vizuri bila". Wewe una mshahara, soko la Kariakoo, na duka la dawa. Mfugaji wa nyanda kavu, ambako mahindi hayastawi na nyasi ndizo pekee zinazoota, hana uchaguzi huo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mama wa mtoto mmojawapo, akipata yai moja kwa siku, ampe mtoto, na mtu yeyote asimwendee na mahubiri. Naamini wanyama wanastahili huruma yetu, nami sitaiongeza huruma hiyo kwa kuipunguza kwa watoto wa maskini.

Hilo la kuambiwa umeiga dini ya ajabu au uzungu nalo lina jibu. Waorthodoksi wa Ethiopia hukaa siku nyingi za mwaka, zaidi ya theluthi yake, bila nyama, maziwa wala mayai, na vyakula vyao vya mfungo ni katika vyakula vitamu kuliko vyote nilivyowahi kula. Marasta wa Jamaika wana chakula chao cha mimea kiitwacho aitali. Wasabato wa Upareni wamekuwa na watu wao wasiogusa pombe, tumbaku wala nyama tangu vizazi vilivyopita. Na ukitaka mtu aliyeulizwa swali lako hasa, yupo mshairi kipofu wa Syria, Abu al-Ala al-Ma'arri, aliyefariki mwaka 1057. Aliacha nyama, samaki, maziwa, mayai, hata asali, kwa kuona ni dhuluma kwa viumbe. Mwanachuoni mkubwa wa Wafatimi, watawala wa Misri wa wakati huo, al-Mu'ayyad al-Shirazi, alimwandikia kumtaka aeleze kwa nini anajinyima kilichohalalishwa. Al-Ma'arri alijibu kwa adabu: akaeleza maumivu ya wanyama, akaongeza kwamba kipato chake ni dinari ishirini na kitu kwa mwaka, na mtumishi wake akishachukua chake, kinachobaki hakimpi zaidi ya vyakula vya jamii ya kunde. Kila mmoja alibaki na msimamo wake, na barua zao zimejaa heshima.

Hao vijana wa Marekani uliowasoma walipata jina lao, Straight Edge, kutokana na wimbo wa jina hilo wa mwaka 1981 wa bendi ya Minor Threat, ya Washington. Walikataa pombe, sigara na dawa za kulevya katikati ya muziki uliokuwa umezama humo, na ulikuwa ushujaa. Suala la wanyama lilishika nguvu miaka ya 1990 kupitia bendi kama Earth Crisis. Lakini miaka hiyohiyo, huko Salt Lake City, baadhi yao walianza kuwapiga watu waliokutwa wakivuta au kunywa, hadi polisi wakawaorodhesha kama genge. Chukua ule ushujaa wa mwanzo. Maneno yako kwa baba mdogo yalikuwa yameshaanza kufanana na ule mwisho.

Baba mdogo hakukuuliza lishe. Kata ya mbege ikizunguka kwenye kikao cha ukoo, ikipita kwako na wewe ukairudisha, yeye anaona umejitoa. Mbege ndiyo inayosindikiza mahari, mazishi na mapatano ya ndugu waliogombana. Huwezi kumjibu kwa asetaldehaidi. Kwa hiyo nenda kabla ya sherehe, siku moja au mbili mapema, ukae naye peke yenu. Shikamoo kwanza, kisha msamaha kwa maneno ya mwaka jana, bila kuweka "lakini" nyuma yake. Mama naye umwombe msamaha wake peke yake. Halafu mweleze baba mdogo kwamba huachi ukoo, unaacha kinywaji, na muulize yeye kata ikifika kwako ufanyeje. Wazee wengi wakiulizwa watakupa njia: uishike kwa mikono miwili na kumpitishia aliye pembeni yako, au uwekewe togwa. Ukimpa yeye nafasi ya kulitatua, atakutetea mbele ya wengine.

Usiseme uko kwenye dozi. Najua ndiyo kinga ya vijana wengi kwenye sherehe, lakini dozi huisha, na watakusubiri. Mchango wa ukoo toa wote, na mapema. Kama moyo haukuruhusu kununua mbuzi, omba upewe mchele, turubai au viti. Beba sufuria, hudumia wageni, kaa hadi mwisho. Kiburu mwombe mama au shangazi akupikie, uwaombe kwa kukitaka, ule kwa kushiba mbele yao. Mtu akikutania, cheka naye. Akikuuliza kweli, mjibu kwa sentensi mbili na unyamaze.

Mchumba wako ameuliza swali zuri kuliko la baba mdogo, naye anastahili jibu kamili. Chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani, katika tamko lake la mwaka 2025, kimesema ulaji wa mimea pekee uliopangwa vizuri unawafaa watu wazima; tamko hilo halikuwahusu wajawazito, wanaonyonyesha wala watoto, ambao tamko la zamani liliwajumuisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate chakula kitokanacho na mnyama kila siku. Wapo wazazi wanaolea watoto wenye afya bila vyakula hivyo, kwa B12 ya uhakika, vyakula vilivyoongezwa virutubisho na kufuatiliwa kwa karibu na mtaalamu. Hilo linataka fedha, elimu na kliniki iliyo karibu. Kwa familia inayoanza, ushauri wangu ni mtoto apate yai au samaki katika miaka hiyo miwili, na wewe uendelee na msimamo wako sahani yako ikiwa ni yako.

Akiwa mjamzito, mwili ni wake na uamuzi wa chakula chake ni wake. Akiamua kula kama wewe, aanze B12 kabla ya mimba, ameze vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kliniki kama wajawazito wote, na asiikatize B12 wakati wa kunyonyesha, kwa sababu maziwa ya mama aliyepungukiwa nayo yanaweza kumletea mtoto mchanga madhara ya ubongo katika miezi ya mwanzo tu. Maziwa ya soya hayachukui nafasi ya maziwa ya mama kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na uji mwepesi wa nafaka peke yake haumtoshi aliyeanza kulishwa; utiwe karanga au soya iliyosagwa, uwe mzito. Muuguzi wa kliniki akiwauliza mtoto anakula nini, msimpe jibu la kumridhisha. Mwambieni kila kitu, pamoja na kipimo cha B12 anachopewa, ili akiandike kwenye kadi.